Ugali wa Kukatwa kwa Uzi

Mama Kulwa hakunipigia simu bibi yake Doto alipofariki. Alinipigia maziko yakiwa yamekwisha, matanga yameanuliwa na ndugu wa mbali wameshapanda mabasi yao, na hata hapo hakuanza na habari za msiba. Alisema Doto hali. Anapokea sahani, anaitazama, anaizungusha kidogo kwa kidole, halafu anakaa mikono juu ya mapaja mpaka chakula kinapoa na kuku wanasogea. Wamempikia wali, wamempikia viazi, shangazi yake kaleta hata soda, hali. "Wewe uliwahi kukaa nao, Kabula," alisema. "Njoo umtazame." Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu nikiwa msichana, na bado iliponitaja jina nilisimama wima, kama mimi ni yule yule dada wa kazi aliyeacha sufuria motoni.

Sasa mimi ni mtu mzima, mvi zimenianza, na ninafanya kazi mjini Shinyanga katika shule yenye kitengo cha watoto wenye usonji. Wazazi wakinisifu kwamba nina moyo, ninacheka tu. Hakuna anayezaliwa na moyo wa namna hiyo. Mimi wangu niliupata Rwamgasa, machimboni, katika mwaka mmoja, na niliupata nikiwa nimechelewa. Neno lenyewe, usonji, nililisikia ukubwani, katika mafunzo, mwalimu akiandika ubaoni tabia moja baada ya nyingine, nami nimekaa nyuma nimeinama, maana kila alichokuwa anaandika mimi nilikuwa nimeshakibeba mgongoni na kukifulia nguo. Rwamgasa hatukuwa na neno. Tulisema tu wale mapacha wa mama lishe.

Nyumba ya Mama Kulwa ilikuwa na vyumba viwili vya miti na udongo, bati juu, na mbele kabisa kibanda cha turubai ambamo wachimbaji walikuja kula wakiwa weupe kwa vumbi la mawe tangu kope hadi miguuni. Jirani yetu alikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, iliyokuwa ikinguruma kutwa nzima kiasi kwamba mgeni alilazimika kupiga kelele ili aombe chumvi. Mimi mwezi wa kwanza niliumwa kichwa. Kulwa na Doto waliipenda. Walikuwa na umri wa kuanza shule, wasichana wa kufanana kama maharage ya ganda moja, na hawakuwa wakisema hata neno moja, si Kisukuma si Kiswahili. Lakini karasha ikiwaka waliguna pamoja nayo kwa sauti ile ile, wamefumba macho, wameridhika. Ikizimwa ghafla, hapo ndipo ungejua umeajiriwa kazi gani. Kulwa alinusa kila kitu kabla ya kukigusa, hata mkono wangu. Doto alizunguka nyumba kwa upande mmoja tu, kiganja kikipapasa ukuta, na ukimzuia njiani alirudi kuanza upya pale mlangoni.

Aliyewaweza alikuwa bibi yao, mama yake Baba Kulwa, aliyeletwa kutoka kijijini Shinyanga walipozaliwa na hakuwa amerudi tena. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa macho, Kiswahili chake cha kuokoteza, na macho yenyewe mekundu daima kwa moshi wa kuni mbichi. Mama Kulwa akiwa na wateja na Baba Kulwa akiwa shimoni, nyumba ile ilikuwa ya bibi. Kwetu mapacha hawapunjwi. Kila mtu anajua hilo: ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, sawa kwa sawa, la sivyo yule uliyemruka ataugua, au atakasirika na kuondoka kurudi alikotoka. Watu wengi husema hivyo halafu wanakata mkate kwa macho. Bibi hakukata kwa macho. Alikuwa na uzi mweupe aliouzungushia kijiti na kuutundika kwenye msumari jikoni. Ugali ukishapakuliwa kwenye sinia, aliulowesha uzi ule, akaushika ncha mbili, akaupitisha katikati ya bonge taratibu mpaka nusu mbili zikaachana, zimelingana, zimenyooka kama tofali. Watoto walikuwa wakiutazama uzi ule kama wengine wanavyotazama televisheni. Kisha kila mmoja alivuta nusu yake, pembeni maziwa mgando, na ndicho chakula pekee walichokubali mwaka mzima.

Ugonjwa ulikuja kwa sura ya neema, na hilo bado linaniuma. Kulwa alianza kunenepa. Mashavu yalijaa, miguu ikawa minene, na wanawake waliopita kununua maandazi walimpongeza mama yake: mtoto kanawiri, hatimaye anakula. Mama Kulwa, ambaye miaka yote alikuwa akisikia minong'ono kuhusu wanawe, siku zile alitembea kichwa juu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaogesha, na nilipobonyeza mguu wa Kulwa kwa kidole kikabaki kishimo, nikamwita. Asubuhi nyingine macho yalikuwa hayafunguki kwa uvimbe, na mkojo kwenye kopo ulikuwa na povu kama maji ya kufulia. Hospitali mjini Geita daktari mmoja, kijana mpole, alisema figo zinavuja, zinapitisha kile ambacho mwili ulitakiwa ubaki nacho. Chumvi marufuku. Na vidonge vidogo vyeupe, vinywewe kadhaa kwa pamoja kila asubuhi baada ya kula, visikose hata siku moja, visipungue. Alituambia ugonjwa huu kwa watoto mara nyingi hukubali dawa. Tulirudi Rwamgasa tukiwa na matumaini, na wachimbaji wakala ugali wa bure jioni ile.

Kumnywesha Kulwa dawa, mtoto anayenusa hata maji, tulidhani itakuwa vita. Bibi alisema mwachieni. Kila asubuhi aliingia nao wote wawili chumbani kwake, akashusha pazia la viroba, na baada ya muda mfupi wakatoka, Kulwa akilamba midomo kwa uchungu wa dawa na vidonge vimekwisha. Sote tulimshangaa. Mama Kulwa alisema mkwe wake huyu ana mkono wa baraka, na hakuwa mtu wa kusifia wakwe. Uvimbe ulipungua, ingawa haukwisha. Ulishuka machoni ukabaki miguuni, ukaondoka wiki, ukarudi wiki. Mkojo uliendelea kutoa povu. Daktari alitazama, akauliza kama mtoto anameza dawa zote, tukamjibu zote, hata moja haitemwi, na tulikuwa tunasema kweli kadiri tulivyojua. Alikuna kichwa akasema tuvumilie. Kisha, mvua za masika zikiwa zinaishia, uso wa Doto nao ukaanza kuwa wa duara.

Baba Kulwa alikaa chini kwenye kizingiti siku ile na hakwenda kazini. Hakushangaa, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kila mtu pale alijua mapacha huugua pamoja, na wateja kwenye turubai waliongea kwa sauti ya chini kama msiba umeshatokea. Tulikwenda Geita wote: Mama Kulwa, bibi akiwa na Kulwa, mimi na Doto. Daktari alimpima Doto mkojo, akarudi ameshika karatasi na sura ya mtu aliyechanganyikiwa. Alisema huyu mkojo wake ni safi, huyu haumwi figo. Alimshika kidevu, akamgeuza kushoto na kulia, Doto akipiga kelele kwa kuguswa. Kisha akauliza anatumia dawa gani, na Mama Kulwa akajibu hatumii chochote.

"Mama, huu uso ni wa dawa," daktari alisema. "Dawa ya mwenzake."

Bibi hakuwa amefuata Kiswahili chote, akanigeukia, nikamtafsiria. Hakubabaika hata kidogo. Alijibu kwa Kisukuma kama mtu aliyeulizwa iwapo ameosha mikono kabla ya kupika, nami nikawaambia wenzangu alivyosema: bila shaka amewagawia, nusu kwa nusu, tangu siku ya kwanza, Kulwa hamezi mpaka mwenzake ameze. Kisha akaongeza kwa Kiswahili chake mwenyewe, akimtazama daktari kwa huruma kidogo, kama anayemfundisha mgeni: "Hawa ni mabasa, mwanangu. Nimpe mmoja, mwenzake nimwambie nini?" Mabasa ndiyo mapacha kwa lugha ya kwetu. Daktari hakumkemea. Alieleza polepole kwamba Kulwa amekuwa akipata nusu ya kinachomtosha, ndiyo maana ugonjwa haukuondoka, na Doto amepata asichokihitaji. Akasema kitu kimoja zaidi, ambacho nimekuwa nikikirudia kichwani maisha yangu yote: Doto asiachishwe ghafla, mwili umeshazoea. Apunguziwe kidogo kidogo, kila asubuhi, kwa muda mrefu. Kwa hiyo tuliondoka pale watoto wote wawili wakiwa na vidonge vya kumeza kila asubuhi, kila mmoja vyake.

Mama Kulwa hakumgombeza mkwe wake. Hakuna mke wa kwetu anayemfokea mama wa mume, na nadhani ingekuwa nafuu angefoka. Tulipofika alichukua dawa kutoka chumbani kwa bibi akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Kesho yake mchana nilikuwa nyuma ya turubai nakosha vyombo, wachimbaji wawili wakawa wanakula. Mmoja alisema kizee amempokonya mjukuu dawa. Mwingine akauliza, "Macho yake umeyaona lakini?" Wa kwanza akaendelea kutafuna. Watu wa upande wetu mnajua macho mekundu ya bibi kizee husomwa uchawi, na neno hilo likishasemwa linaweza kufika wapi. Baba Kulwa alilisikia naye, sijui kwa nani, na kabla wiki haijaisha akampeleka mama yake kupanda basi la Kahama, atokee huko aende kijijini kwake. Alifanya hivyo kumwokoa. Sijawahi kumlaumu kwa hilo, na hata leo nikiwaza sioni angefanya nini kingine.

Asubuhi ile ya kuondoka bibi alitukuta jikoni. Nilimwamkia "Mwangaluka", akaitikia, akaanza kunipa maagizo ya kawaida kabisa: maziwa yasikae juani, Doto asizuiwe akiwa anazunguka. Uzi wake aliuacha msumarini. Aliniambia niuloweshe vizuri kabla ya kukata, usije ukanasa. Hakulia. Kulwa alisimama mlangoni akinusa hewa alipopita, kisha akarudi ndani akakaa penye mkeka wa bibi, na Doto akaja akakaa upande wake wa pili, nafasi ya mtu mmoja ikabaki katikati yao.

"Kugawana kumekwisha nyumba hii," Mama Kulwa alisema. Alisema kwa hofu, si kwa ubaya. Alinunua sahani mbili za rangi tofauti, nyekundu na bluu, ili isitokee tena kuchanganya. Uzi ulibaki ukishika masizi. Na ili vidonge visije vikahama mkono, Kulwa alinyweshwa chumbani na mama yake, na Doto nilimnywesha mimi nyuma ya nyumba, penye kivuli cha bati. Doto alikuwa akichukua kidonge, anakaa nacho, mpaka nichoke kumbembeleza ndipo akimeze. Chumbani Kulwa alikiweka kiganjani, akageuza uso pembeni, akakaa. Mama yake alimsihi, akamwimbia, akamtishia. Alibaki amekaa vile vile mpaka kidonge kikayeyuka kwa jasho. Tulisema anakataa. Tulisema bibi amemharibu.

Baba Kulwa alisema mgonjwa haulizwi uji, akamshika mikono, mama yake akamfungua mdomo. Kulwa alikohoa mpaka akapata rangi ya majivu na dawa yote ikaja juu, na tangu hapo akimwona baba yake na kikombe alikuwa anajificha chini ya kitanda. Mimi nilikuja na busara yangu: nikavisaga vidonge nikavikoroga kwenye maziwa mgando. Alinusa mara moja, akakiweka kikombe chini kwa uangalifu kabisa, na hakunywa maziwa tena. Hata yale safi. Hata ya kwenye kibuyu kipya. Tulikuwa na mtoto mwenye vyakula viwili, sasa akabaki na kimoja. Leo nikimwona mzazi mpya shuleni kwetu anaficha dawa kwenye chakula anachokipenda mwanawe, ninamshika mkono kwa nguvu kuliko adabu inavyoruhusu.

Kiangazi chote Kulwa alivimba. Tumbo lilijaa maji, akawa hatembei, nikambeba mgongoni kumpeleka karibu na karasha ili asikie vizuri, naye aliguna kidogo kidogo akiishiwa pumzi. Doto, kila siku uso ukirudi kuwa wake, alizunguka nyumba na kila alipofika kwetu aligusa mguu wa mwenzake kama anavyogusa ukuta, akapita. Mvua za kwanza zilikuja na mafua ya kawaida, yakashuka kifuani, na mwili wa Kulwa haukuwa na kitu cha kupigana nayo. Wazazi walimpeleka Mwanza. Mimi nilibaki na Doto. Siku waliyorudi bila yeye, Mama Kulwa aliingia kanga kichwani, akapita moja kwa moja jikoni, akaitoa sahani nyekundu akaivunja kwenye jiwe. Kisha akaniomba ufagio.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na nyumba ile wajukuu ndio waliotuachia majuto. Mama Kulwa hakuweza kumwangalia Doto, maana uso ule ulikuwa ule ule. Baada ya matanga Baba Kulwa alimpeleka kwa bibi kijijini akakulie huko, kazi yangu ikawa imekwisha, nikarudi kwetu. Nilisikia baadaye kwamba wazazi walitengana. Sikumtembelea bibi, ingawa kijiji chake hakiko mbali na mji nilioishi miaka yote hii. Nilikuwa nikijiambia nitakwenda mavuno yakiisha, nitakwenda shule ikifunga. Nilimwogopa, nadhani; niliogopa asije akaniuliza kama niliulowesha uzi.

Basi nikaenda ameshazikwa. Bodaboda alinishusha penye mkusanyiko wa viti vya plastiki vilivyorundikwa, na Mama Kulwa akanitokea mbele, amezeeka, amekonda, nikajikuta nampa shikamoo na yeye anaitikia marahaba huku ananishika mabega. Doto alikuwa amekaa mkekani, mwanamke mrefu, amesukwa nywele vizuri. Bibi alimtunza. Hakunitazama, lakini nilipokaa alisogea akanusa mkono wangu. Hilo halikuwa la kwake zamani. Lilikuwa la Kulwa.

Niliingia jikoni kusonga ugali. Kwenye msumari nyuma ya mlango kulikuwa na uzi mweupe umezungushiwa kijiti. Mama Kulwa alisema aliuona, akadhani ni wa kushonea magunia. Nilipoutoa nje na kuulowesha, Doto alikuwa ameshasogea mwenyewe penye sinia. Nikaupitisha uzi katikati ya bonge, taratibu, nusu zikaachana. Doto akavuta yake. Mama Kulwa alishusha pumzi. Lakini Doto hakula. Aligeuza uso pembeni, mikono juu ya mapaja, akakaa.

Ule mkao niliujua. Nilikuwa nimeuona asubuhi nyingi nikichungulia pazia la viroba, Kulwa ana kidonge kiganjani, uso pembeni, nasi tukisema anakataa. Hakuwa amekataa hata siku moja. Alikuwa anasubiri mtu aanze naye. Miaka yote hii bibi alikuwa akiila nusu ya pili, na mwaka ule Doto alikuwa nyuma ya bati, hatua chache tu, ana kidonge chake halali mkononi kwa amri ya daktari, na sisi tumewatenganisha kwa ukuta.

"Sogea hapa, mama," nilimwambia Mama Kulwa. "Kaa ule hiyo nusu."

Aliniuliza ale ya nani. Nikamsogezea maji ya kunawa. Alinawa, akakaa, akamega tonge, akatia mdomoni. Doto akamega lake. Mama akameza, Doto akameza. Walikwenda hivyo kimya, tonge kwa tonge, na shangazi mtu akaanza kumshukuru Mungu pale mlangoni. Kwenye robo ya ugali Mama Kulwa aliangalia mkono wa mwanawe, akaangalia wake, na nikaona anaelewa. Mkono wake ukasimama hewani. Wa Doto nao ukasimama, uso ukageuka pembeni.

"Kula, mama," nikamwambia.

Akala huku analia, akamaliza yote, kwa sababu kila alipoacha, Doto naye aliacha.